Onyesha Njia

Kabla sijajua neno aljebra, nilijua MAGAZIJUTO. Kama ulisoma shule ya msingi Tanzania huhitaji kuelezwa: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Tuliliimba kama jina la mtu. Kuna mwenzetu darasani aliyeamini kabisa kwamba Magazijuto alikuwa mzee fulani wa zamani aliyegundua hesabu, na hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu kusema kweli hata sisi wengine hatukuwa na uhakika.

Hesabu tulizosoma zilikuwa na Kiswahili kitamu ambacho sijakikuta tena popote. Namba shufwa na namba witiri. Witiri hiyo hiyo tuliisikia madrasa jioni, kwenye sala yenye rakaa zisizogawanyika kwa mbili, kwa hiyo wengine wetu tulifika darasani tayari tunaijua. Namba tasa, kama mtu asiye na mtoto. Kigawe Kidogo cha Shirika, ambacho masikioni mwangu kilikuwa kiofisi fulani chenye meza na katibu muhtasi. Kipeuo cha pili. Mzingo. Ukipenda maneno, unaweza kuzipenda hesabu hata kama zenyewe hazikupendi.

Lakini maneno mawili ndiyo yaliyotutoa jasho: *onyesha njia*. Yaliandikwa mwisho wa swali, na maana yake ilikuwa kwamba jibu peke yake halitoshi. Mwalimu anataka kuona ulivyofika.

Nimekuwa nikiyawaza sana maneno hayo tangu Januari 2024, na sababu yake iko nyumbani kwetu.

Kaka yangu ana watoto wawili waliopishana mwaka mmoja. Januari ile mkubwa, wa kiume, alikuwa anaingia darasa la nne. Mdogo, wa kike, alikuwa anaingia la tatu. Mwezi huo huo mtaala mpya ulianza kutumika kwa darasa la awali, la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza. Basi mdogo akaangukia mtaala mpya, kaka yake akabaki kwenye ule wa zamani. Na mtaala mpya, unaotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, unaifanya elimu ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Mkubwa atamaliza darasa la saba mwaka 2027. Mdogo atamaliza darasa la sita mwaka 2027. Watamaliza pamoja, na Mungu akipenda wataingia kidato cha kwanza pamoja mwaka 2028, mmoja akiwa amekaa shule ya msingi miaka saba na mwingine sita. Si wao tu. Ni madarasa mawili ya nchi nzima.

Watu wakilizungumzia jambo hili wanazungumzia zaidi madawati: watoto wote hao wataketi wapi? Ni swali la haki. Ila mimi nimekuwa nikitazama madaftari. Kazi yangu ni uandishi wa habari, na huwa napita kwa kaka siku za wikiendi, nao wananiletea hesabu. "Shangazi, hii inafanywaje?" Ndipo nilipoanza kuona kwamba watoto hawa wawili, wanaolala chumba kimoja, hawasomi hesabu moja.

Muhtasari wa zamani ulipangwa kwa mada. Mada, mada ndogo, malengo mahususi. Mwalimu alijua kwamba wiki hii ni sehemu, wiki ijayo ni desimali. Muhtasari mpya umepangwa kwa umahiri: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, vigezo vya upimaji. Swali si tena "mtoto amesoma nini?" bali "mtoto anaweza kufanya nini?" Kwenye karatasi ni mabadiliko mazuri, na siandiki hapa kuyapinga. Mtoto anayeweza kukata muhogo vipande vinne vilivyo sawa na kusema kila kimoja ni robo ameelewa kitu ambacho aliyekariri hajakielewa.

Shida inaanza pale karatasi inapofika darasani. Mwalimu aliyekuwa na la tatu na la nne mwaka ule aliandika azimio la kazi la aina mbili, andalio la somo la aina mbili, kwa vitabu viwili visivyofanana, na mbele yake watoto tisini na kitu. Kumwona kila mtoto mmoja "anaweza kufanya nini" kunahitaji umsogelee, umtazame anavyofanya, umuulize. Kwa dakika ngapi?

Halafu kuna vitabu. Nilipokuwa mdogo, kitabu kilikuwa mali ya ukoo. Kaka alikisoma, nikakisoma, akakisoma binamu, mpaka jalada likawa la gazeti. Mwaka 2023 kaka alimnunulia mkubwa kitabu cha Hisabati cha darasa la tatu ili ajisomee nyumbani. Mwaka uliofuata mdogo alipofika la tatu, kitabu kile kilikuwa kimeshapitwa na wakati, kikiwa bado kisafi. Kwa mtu mwenye mshahara mzuri ni jambo dogo. Kwa wengi wetu ni maelfu ya shilingi, na hapo bado kaunta buku na sare.

Nikampelekea mama maswali yangu. Mama ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na zaidi ya hapo ni mwalimu wa UPE. Wasomaji vijana nitawaeleza. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri awe shuleni. Walimu hawakuwepo wa kutosha, kwa hiyo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakafundishwa ualimu huku wakiwa tayari wanafundisha. Mama alikuwa mmoja wao, msichana wa miaka kumi na saba mbele ya watoto ambao wengine walimzidi urefu. Watu waliwatania, wakisema UPE maana yake ni Ualimu Pasipo Elimu. Mama alikuwa anacheka utani huo hadharani. Nyumbani hakuwa anacheka.

Anachokumbuka vizuri ni seti. Anasema alipoanza kufundisha alikuta watoto wadogo wanatakiwa kuchora miduara na kuweka ndani yake vitu vya aina moja kabla ya kuambiwa mbili na mbili ni nne. Alizifundisha bila kuambiwa zimetoka wapi. Mimi nilikuja kusoma baadaye, nikamsimulia, naye akasikiliza kama mtu anayepewa habari za ndugu aliyepotea.

Mwaka 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik angani. Wamarekani wakashtuka, wakaamua kwamba watoto wao hawafundishwi sayansi na hesabu ipasavyo, na hapo ndipo zikashika kasi zile zilizoitwa hesabu mpya: seti kwanza, muundo wa namba kwanza, sababu kabla ya kanuni. Kuanzia 1962 wanahisabati na walimu kutoka Marekani, Uingereza na nchi za Afrika zilizotumia Kiingereza walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu kwa mtindo huo. Vikajulikana kama hesabu za Entebbe. Kule Marekani kwenyewe wazazi walilalamika kwamba watoto wanajua seti lakini hawajui kujumlisha, na mwaka 1973 mwanahisabati Morris Kline akaandika kitabu kizima cha kuzishambulia. Zikarudi hesabu za zamani: tebo, kuzidisha, kugawanya.

Mama aliuliza swali moja tu: "Sasa wao walipoziacha, mbona hatukuambiwa kwa nini?"

Swali hilo ninalibeba mpaka leo. Walimu wamepokea mabadiliko mengi, na kila mara wanapewa *nini*. Mara chache wanapewa *kwa nini*. Yaani hata wao wanapewa jibu bila kuonyeshwa njia.

Mabadiliko yaliyomuuma mama kuliko yote hayakuwa ya mtaala. Yalikuwa ya mtihani. Mwaka 2012 mtihani wa kumaliza elimu ya msingi uligeuzwa kuwa wa kuchagua jibu kwa masomo yote, Hisabati ikiwemo, ili usahihishwe kwa mashine. Sababu ilieleweka. Watahiniwa walikuwa zaidi ya laki nane, na kila karatasi ilikuwa inapita mikononi mwa mtu. Mashine haichoki wala haipendelei. Muhtasari haukubadilika hata mstari mmoja. Mada zilikuwa zile zile, kitabu kile kile. Lakini darasani kila kitu kilibadilika, kwa sababu mwalimu yeyote mwenye akili hufundisha kile kitakachoulizwa, kwa namna kitakavyoulizwa.

Mama alinieleza kwa mfano, na mfano wenyewe nauandika hapa kwa sababu ulinifumbua macho. Chukua 402 toa 178. Jibu ni 224. Sasa kuna mtoto atakayekuletea 376. Ukimwona hivi hivi utasema hajui kutoa. Lakini mwambie aonyeshe njia. Utakuta kwenye mamoja ameandika 6, kwa sababu kati ya 2 na 8 ametoa ndogo kwenye kubwa. Kwenye makumi ameandika 7, kwa sababu kati ya 0 na 7 amefanya vile vile. Kwenye mamia 4 toa 1, akapata 3. Mtoto huyu kutoa anajua. Asichojua ni kwamba namba ya juu ikiwa ndogo inabidi uende jirani ukakope kumi, na jirani akiwa sifuri inabidi uende mbele zaidi. Kosa lake ni moja, lina mantiki, na linaponyeka kwa nusu saa na visoda vichache.

Kwenye mtihani wa kuchagua, 376 ipo. Mtunzi mzuri wa mtihani lazima aiweke, kwa sababu anajua wapo watakaoipata. Mtoto anaikuta, anafurahi, anaisilibia. Mashine inasema amekosa. Hakuna mtu duniani atakayejua alikosa wapi. Na yule aliyesilibia 224 kwa kubahatisha, mashine inasema amepata.

Mwaka ule wa 2012 waliofaulu mtihani walikuwa takriban asilimia 31. Sisemi kuchagua majibu ndiko kulikowaangusha, maana mambo mengi yalikuwa yameharibika kwa pamoja. Nasema tu kwamba kwenye Hisabati, asilimia hiyo haikuweza kumwambia mwalimu afanye nini Jumatatu asubuhi. Miaka iliyofuata maswali machache ya kuonyesha njia yalirudishwa. Mama alipoona karatasi hizo aliguna tu, akasema, "Wamekumbuka." Lakini kuna watoto waliopita katikati ya usahaulifu huo, na sasa ni watu wazima wanaotuuzia nyanya, wanaotuendesha kwenye bodaboda, na baadhi yao ni walimu.

Kisha mwaka 2015 ikaja KKK. Darasa la kwanza na la pili wakapunguziwa masomo ili sehemu kubwa ya muda iende kwenye Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Jina lenyewe lilibadilika: si Hisabati tena kwa wadogo, bali Kuhesabu, na mtaala mpya umeendelea hivyo hivyo, Hisabati inaanzia la tatu. Kwa sisi tunaopenda maneno tofauti hiyo si ndogo. Hisabati ni somo, ni kitu kilicho kitabuni. Kuhesabu ni kitenzi, ni kitu anachofanya mtoto. Watoto wote wawili wa kaka walianza shule kwa kitenzi hicho, na nadhani ndiyo maana mpaka leo hawaogopi namba kama tulivyoziogopa sisi.

Jirani zetu Kenya wanapita njia inayofanana, tena mbele yetu kidogo. Waliacha 8-4-4, mfumo waliouanza 1985, wakaingia mtaala wa umilisi, na mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanyika 2023. Ripoti za watoto zikaanza kusema amefikia matarajio, anakaribia matarajio. Mwanzoni mwa 2025 ikatangazwa kwamba katika sekondari ya juu hisabati haitakuwa lazima kwa kila mwanafunzi. Kelele zikapigwa, na mwezi Aprili wizara ikarudi nyuma: hisabati ibaki kwa wote, ila wasiochukua mkondo wa sayansi wapewe iliyo nyepesi. Nilipokuwa nikifuatilia habari hiyo niliwafikiria watoto wa darasa la nne kule. Mtu akikuambia leo kwamba mbele hesabu ni hiari, na kesho akakuambia ni lazima, wewe wa miaka kumi utakaa na sehemu zako na desimali zako kwa moyo gani? Kiwango kinachowekwa juu kinamfikia mtoto wa chini kwa njia hiyo: si kwa waraka, bali kwa namna wakubwa wanavyozungumza mezani.

Na kwetu mezani mazungumzo yamekuwa makali. Kaka alikuwa na akiba ya kumpeleka mtoto mmoja shule ya inglishi midiamu. Mmoja, si wote wawili. Hoja yake ilikuwa kwamba sekondari watasoma kila kitu kwa Kiingereza, namba tasa na witiri zitaachwa mlangoni, kwa hiyo angalau mmoja aanze mapema. Amchague nani? Mdogo, ambaye amepunguziwa mwaka mzima? Au mkubwa, ambaye yuko kwenye mtaala unaokufa, ambao kila mwaka darasa moja linazimika nyuma yake?

Wifi alisema mdogo. Kaka akasema mkubwa. Mimi nilinyamaza, maana akiba haikuwa yangu.

Jambo linalonisumbua kuhusu usiku ule si uamuzi wenyewe. Ni kwamba uliwafikia wao. Zamani, kuanzia miaka ya 1990 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2010, shule ziliweza kuchagua vitabu kati ya wachapishaji mbalimbali, na vurugu zake zilikuwepo. Sasa kitabu cha kiada ni kimoja, kinaandikwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ungedhani basi uchaguzi umekwisha, kila mtoto anapata kilekile. Haukwisha, umehamia nyumbani. Mtaala ukibadilika, swali la nini kifundishwe linajibiwa ofisini. Swali la nani atalipia pengo linajibiwa na mzazi saa nne usiku, kwa kalkuleta ya simu: tuisheni, vitabu vya ziada, au ada ya shule nyingine. Na mzazi asiye na cha kupigia hesabu anajibu kwa kunyamaza.

Mama ndiye aliyeumaliza ubishi. Alisema ukimhamisha mmoja utakuwa umewaambia wote wawili nani ana thamani, na hilo hakuna mtaala utakaolirekebisha. Kaka alitafakari siku kadhaa, akaamua wote wabaki walipo. Akiba ile sasa inaliwa kidogo kidogo na tuisheni ya wote wawili. Sina uhakika kama alichagua vizuri. Yeye pia hana. Mkubwa ameshika tebo zote mpaka ya kumi na mbili na anafanya hesabu za karatasi haraka kunishinda, lakini ukimuuliza kwa nini sehemu ikigawanywa kwa sehemu inageuzwa, anasema ndiyo kanuni. Mdogo anakupimia eneo la sebule kwa rula na kukueleza vizuri sana, lakini ukimuuliza saba mara nane anatazama dari kwanza. Nikiwaweka pamoja napata mwanafunzi mmoja mzuri. Pengine hicho ndicho mitaala yote imekuwa ikikitafuta tangu Entebbe, ikivuta upande huu na kuurudisha ule.

Sina mamlaka ya kushauri wizara. Ila nimeandika habari za elimu kiasi cha kujua kwamba tutakapofika 2027 tutahesabu vitu vingi: watahiniwa, madawati, vyumba vya madarasa, asilimia ya ufaulu. Mimi nitakuwa natafuta kitu kimoja kidogo kwenye karatasi ya Hisabati ya watoto wa mtaala mpya. Nitaangalia chini ya kila swali wameachiwa nafasi kiasi gani. Kama ni vijiduara vya kusilibia tu, basi umahiri ulikuwa neno la kwenye jalada. Kama kuna mistari minne mitupu ya mtoto kuandika alivyofika, hata akikosea, nitajua kuna mtu huko juu anayetaka kusoma.

Mama, enzi zake, alitoa alama mbili kwa njia na moja kwa jibu. Alisahihisha madaftari ya watoto mia kwa taa ya chemli, kalamu nyekundu, mpaka usiku sana. Hakuna aliyemwagiza. Nilimuuliza kwa nini alijitesa vile, akanitazama kama vile nimeuliza saba mara nane.

"Jibu wote wanaweza kuibiana," alisema. "Njia ni ya mtu mwenyewe."